Kitanda cha Zamu

Katika layini, safu za nyumba za askari, za kile kituo kidogo cha polisi, chini ya Bwera ukielekea mpaka wa Kongo, palikuwa na mume na mke wenye kitanda kimoja ambacho hawakukilalia pamoja. Si kwamba walinuniana. Majirani, ambao kazi yao baada ya upolisi ilikuwa kuchungulia nyumba za wenzao, wangefurahi sana kama kungekuwa na ugomvi, maana ugomvi una maneno. Hapa hapakuwa na neno. Konstebo Opio alikuwa amepangiwa kulinda kizuizi cha barabara usiku, na mkewe Nabirye alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Jua likizama mume anavaa buti, anatoka. Jua likichomoza anarudi, anavua buti, anaingia kwenye joto alilotoka mkewe. Kitanda hakikupoa, na wala hakikupata kubeba watu wawili tangu mtoto azaliwe.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha duara, bati juu, bati pembeni, ile ambayo polisi wote wa Uganda waliiita yuniporti. Mchana ilikuwa jiko. Usiku baridi ya mlimani iliteremka ikaingia bila kubisha hodi. Ukiangusha kijiko humo ndani, majirani wa pande zote wanageuza shingo. Sasa weka humo mtoto mchanga, na mtu aliyekesha barabarani na bunduki, halafu uniambie nani atalala.

Nabirye alikuwa mtu wa Jinja, mtaa wa Walukuba, kwenye nyumba ya mama yake ambayo mlango wake haukufungwa. Kwao walilala mashangazi, wapangaji, binti za mashangazi, na wageni waliokuja kwa msiba wakasahau kurudi makwao. Watoto wachanga wa nyumba ile walipita mkono kwa mkono kama gazeti. Mzazi alipewa uji akaambiwa alale, na mtoto alirudishwa kwake akiwa na njaa tu. Opio, mtu wa Tororo, alipanga chumba cha uani siku alizokuwa kazini Jinja. Yeye Mpadhola, binti Msoga. Kwa lugha za mama zao wasingeweza hata kusalimiana, basi Kiswahili ndicho kilichowaoza. Na Nabirye alikuwa nacho tele, cha sokoni na cha stesheni, cha matusi na cha kubembeleza. Ukimweka pamoja na jiwe, jua halijapinda jiwe lina habari za kusimulia.

Halafu ukaja uhamisho. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, wakati watu wa milimani walipokuwa wameinuka kudai utawala wao wenyewe, na polisi kutoka kila pembe ya nchi wakamwagwa chini ya Rwenzori kulinda barabara na madaraja. Sajini Semakula, mkuu wa kituo, alikuwa na amri yake: wake wa polisi wasiingize watu wa mlimani layini, wala wasiende majumbani mwao. Kununua sokoni ruhusa, kuzoeana hapana. Mama yake Opio ndiye aliyepaswa kuja kumlea mzazi, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza, lakini habari za Bwera zilimfikia huko huko Tororo, akasema yeye hakuzaliwa ili afie barabarani. Kwa hiyo Nabirye alitoka hospitali kwa lori la kituo, akashushwa mlangoni pamoja na magunia ya unga wa posho, na mtoto mkononi. Mtoto aliitwa Owor, jina la Kipadhola la mtoto aliyezaliwa usiku.

Mwanzoni Owor alilia mchana kama watoto wengine, na Opio akawa hapati usingizi. Asubuhi moja, kabla kijua hakijatokea vizuri, Sajini Semakula alifika kizuizini kwa baiskeli akamkuta Opio amesimama wima, bunduki begani, macho yamefungwa. Alikuwa akikoroma akiwa amesimama, jambo ambalo Sajini mwenyewe alikiri baadaye kwamba hajapata kuliona tangu ajiunge na kazi.

"Opio."

"Afande."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nalinda, afande."

"Unalinda nini, ndoto?"

Opio aliiweka sawa bunduki begani.

"Sikia. Mimi nikikuta wewe tena namna hii, napeleka wewe kule juu, kambi ya mwisho, pahali watu wanalala jumla. Ama navua wewe hiyo nguo unarudi Tororo kulima mtama. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Ambia bibi yako mtoto anyamaze."

"Ni mtoto, afande."

"Hata mimi nilikuwa mtoto. Nilinyamaza."

Opio alimweleza mkewe habari hiyo huku akifungua kamba za buti, bila kumtazama. Hakumwamuru. Alisema tu, "Mama Owor, wakinipeleka kule juu sijui kama nitarudi."

Nabirye aliinuka. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua kanga ya pili ya kumkinga na jua, akatoka. Na tangu siku ile akawa mtu wa kutoka.

Owor alikuwa na sharti moja. Mgongo ukitembea analala, ukisimama anaamka. Basi mama akatembea. Alitembea mpaka kisimani, mpaka kanisani, mpaka darajani akarudi, mpaka sokoni akazunguka mafungu ya samaki asiowanunua. Bwera nzima ilimjua kwa mgongo. Nyuma ya mapazia, katika ile nyumba ya bati, Opio alilala usingizi wa haki, na kizuizini macho yake yakawa makavu kama ya mwewe. Sajini akapita usiku, akapita alfajiri, hakumkuta na kosa.

Ila hakuna aliyefikiri kwamba usingizi wa mtoto nao ni kama maji ya mtungi. Ukiuchota mchana kutwa, jioni unakuta mtungi mtupu. Jua likizama baba anatoka, Owor anafumbua macho, zamu inaanza. Wala hakuwa mtoto wa kulia sana. Alitaka tu atazamwe. Mama akiinamisha kichwa, analia. Mama akikiinua, ananyamaza.

"Huyo wako wamemwandika kazi tayari," Adong alimwambia siku moja kwenye bomba. Adong alikuwa mke wa konstebo wa nyumba ya tatu, mwanamke wa Lira, mwenye watoto wengi na huruma ya kutosha watoto wake tu. "Anapiga zamu ya usiku na baba yake. Mnunulie kofia."

"Njoo basi nawe upige zamu na mimi, Mama Okello. Njoo tukae hata kidogo, nitakupikia chai."

"Usiku? Wee, unataka bwana yangu achukue bunduki? Hapa mlango ukigongwa usiku, ni mtu amekufa."

Hilo lilikuwa kweli. Layini ilifunga milango mapema, na mlango wa polisi haukugongwa gizani kwa ajili ya chai. Mchana ndiyo saa ya wageni, lakini mchana nyumbani mna mtu amelala. Ndivyo binti wa nyumba isiyofungwa mlango alivyojikuta hana saa hata moja ya kumwambia mtu "karibu". Akaanza kumsimulia mwanawe. Alimpa Owor habari zote za Walukuba, nani alimwacha nani, fundi cherehani alikimbilia wapi na kitambaa cha harusi, shangazi alimjibuje mke mwenza wake. Mtoto alisikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote aliyewahi kumpata. Lakini hakujibu, na umbea usiojibiwa ni sawa na kupiga ngoma juu ya godoro.

Na mumewe? Mumewe alikutana naye mlangoni, asubuhi na jioni.

"Amelala?"

"Ndiyo kwanza analala."

"Chai?"

"Iko kwenye chupa."

Ndivyo wanavyoongea walinzi wanaopokezana. Asubuhi moja Nabirye alisimama kando ya kitanda akasema, "Baba Owor, jana nilicheka peke yangu mpaka nikaogopa." Alingoja. Opio alikuwa ameshalala, mkono mmoja bado umeshika kifungo cha shati.

Sokoni karibu na mpaka, mahali watu wa pande zote mbili walipokutana kwa chumvi ya Kabatoro, vitenge vya Kongo na kahawa ya mlimani, palikuwa na mama mmoja wa makamo aliyeitwa Vasta. Alitoka Nyakiyumbu na maharagwe yake, na alikuwa mlokole wa kanisa, lakini ulimi wake ulikuwa haujaokoka. Alimwona yule mke wa polisi akipita na kupita, siku ya soko baada ya siku ya soko, mpaka akamwita.

"Mama mutoto. Kuya hapa. Weye iko nalala na macho wazi."

"Silali, mama. Natembea."

"Minaona. Na nguo umevaa tumbo inje."

Nabirye alijitazama. Kweli, gauni lilikuwa limegeuzwa, mishono yote nje, na alikuwa amepita nalo mbele ya kanisa, mbele ya duka la Sowedi, mbele ya Sajini mwenyewe. Akacheka. Alicheka mpaka akashika gunia. Vasta naye akacheka, na muuza chumvi wa jirani, mzee Abdunoor, akacheka bila kujua kwa nini. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumtania Nabirye kwa kumpenda tangu avuke Kasese.

"Sasa sikia," Vasta alisema. "Mutoto iko nalala muchana yote juu ya mugongo. Usingizi yake inakwisha hapa sokoni. Usiku unataka alale na nini?"

"Baba yake lazima alale mchana, mama. Wakimkuta anasinzia tena watampeleka juu."

"Baba alale kule kwa nyumba. Nani amemukatalia? Lakini mutoto akae huku na kelele. Aone kuku, aone jua, batu bamubebe, bamuchokoze. Batoto yangu yote balikuwa nalala usiku kama magunia. Shida ni weye unamubeba kama siri."

"Nikisimama analia."

"Alie. Beko bengi hapa ya kumunyamazisha. Niachie yeye muchana moja, ulale. Muke ya mutoto yangu, Ithungu, iko na mutoto mudogo, maziwa iko inamwangika bure. Nyumba yake ni ile nyuma ya migomba, karibu."

Nabirye alitazama migomba. Aliitazama kama mtu wa njaa anavyotazama moshi wa jiko la jirani. "Sajini amekataza," akasema.

"Sajini iko na mutoto?"

"Sijui."

"Hana," Vasta alisema, akaendelea kupepeta maharagwe.

Hakumwachia mtoto. Lakini tangu siku ile kila siku ya soko alipita pale, akasimama akijitikisa ili Owor asiamke, akapokea na kutoa maneno. Alijua Ithungu alivyogombana na mumewe juu ya mbuzi. Alijua mchungaji anamwonea wivu mwimbaji. Siku ambazo hazikuwa za soko zilikuwa ndefu kama mahubiri.

Siku moja joto lilizidi. Soko lilikuwa limejaa, watu wamebanana mpaka mtu akipiga chafya wanajibu wengi. Nabirye aliketi juu ya gunia la Vasta, akasema atapumzisha kiuno tu, halafu ataendelea. Kelele zikamzunguka, za kupatana bei, za mbuzi, za mwanamke mmoja aliyekuwa akimtukana shemeji yake kwa Kikonzo, lugha ya mlimani, kwa sauti ya kuimba. Tangu Walukuba hajakaa ndani ya kelele nzuri kama hiyo. Alikuwa akimwuliza Vasta, "Na yule mbuzi walimgawanya vi..." na hakumaliza.

Kwa kina Vasta mzazi aliyelala haamshwi. Hata nyumba ikiungua, anabebwa na mkeka wake. Owor alikuwa ameanza kugeukageuka kutafuta titi, basi Vasta akalegeza fundo la kanga taratibu, akamtoa mtoto, akamfunika mama uso na kitambaa. "Abdunoor, angalia huyu. Minapeleka mutoto kwa Ithungu anyonye," akasema, akapotea nyuma ya migomba.

Opio aliamka mapema siku hiyo, bati lilikuwa limemchoma. Chupa ya chai tupu, mke hayupo. Alivaa sare kwa sababu hakuwa na nguo nyingine kavu, akashuka sokoni. Watu walimpisha njia kama wanavyompisha mtu wa sare. Akamkuta mkewe juu ya gunia, kitambaa usoni, kanga imelegea, mgongo mtupu.

Alimwona mzee Abdunoor, karibu kuliko wote. "Mtoto yuko wapi?"

Sasa, mpakani siku zile, polisi akiuliza fulani yuko wapi, jibu lilikuwa moja tu, na watu walilitoa hata kabla ya kusikia swali. Abdunoor alilala nalo na kuamka nalo.

"Sijui, afande."

"Nani alikuwa amekaa hapa?"

"Sijui, afande."

"Wewe jina lako nani?"

"Sijui, afande."

Opio akawageukia wengine, nao hawakujua. Soko zima, lililoona mtoto akibebwa mchana kweupe, halikujua. Kadiri wasivyojua ndivyo moyo wake ulivyokwenda mlimani, kwenye zile njia nyembamba zisizoingia lori, na mwanawe juu ya bega la mtu. Akatoa filimbi akaipuliza.

Sajini Semakula alifika na wote waliokuwa macho. Walifunga njia za soko, wakapindua vikapu, wakatoboa magunia kwa fimbo kana kwamba mtoto huwekwa chini ya karanga. Maharagwe yakamwagika juu ya chumvi, chumvi juu ya samaki. Nabirye aliamshwa na gunia lililokuwa likipungua chini yake. Kwa kitambo kidogo, kabla hajakumbuka alipo, alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Bwera. Mwili wake ulikuwa mwepesi, kama uliooshwa ndani na nje. Halafu akapeleka mikono mgongoni. Akaipeleka mara ya pili. Opio alikuwa amesimama mbele yake na aliiona ile mikono ikitafuta.

Hawakupata nafasi ya kusemezana. Kwenye njia ya migombani alitokea Vasta, anatembea kama mtu aliyetoka kanisani, na Owor kifuani pake amefumbua macho, ameshiba, amevikwa kofia ya sufu ya mtoto mwingine. Vasta aliyaona maharagwe yake chini akasimama.

Sajini alimshika mkono. "Wewe mama, unaiba mtoto ya serikali?"

"Mutoto ya serikali ilikuwa na njaa," Vasta alisema.

Mtu mmoja nyuma alicheka akajifanya anakohoa. Sajini hakucheka. "Utaeleza kituoni."

Kila mtu pale alimjua mtu aliyekwenda kueleza kituoni siku zile, na namna alivyorudi, au hakurudi. Vasta aligeuza kichwa. Alimtazama Nabirye, wala si kwa kumwomba. Alimtazama tu kuona kama amepata usingizi.

"Mimi nilimpa," Nabirye alisema.

"Nini?"

"Mtoto, afande. Mimi ndiye niliyempa. Maziwa yangu yamepungua. Nilimwomba ampeleke anyonyeshwe kwao, halafu nikalala."

"Ulimpa mtoto ya polisi kwa watu wa mlimani."

"Ndiyo."

"Amri unaijua?"

"Naijua, afande."

Sajini alimgeukia Opio. "Konstebo, bibi yako anasema kweli?"

Opio alikuwa ameiona ile mikono. Alijua mkewe hakumpa mtu kitu. Angeweza kusema hivyo, na Vasta angekwenda kituoni. Angeweza pia kusema, afande, ni mimi niliyeleta haya, mimi na usingizi wangu. Maneno hayo yalimfika kooni. Lakini Sajini alikuwa akimtazama kwa lile jicho la asubuhi ya kizuizini, na Opio akasimama wima, mikono mapajani.

"Kama amesema, afande."

"Basi. Bibi anayevunja amri hakai kwa layini yangu. Aondoke na treni inayokuja. Mpeleke kwa mama yako huko Tororo akafundishwe." Akaachia mkono wa Vasta kama mtu anayeangusha ganda.

Usiku ule Owor alilala kama gunia, sawasawa na Vasta alivyosema. Alikuwa ameona kuku, jua na watu, na kelele za filimbi juu yake. Nabirye alikaa kando yake akisubiri alie, hakulia. Mikono ikakosa kazi. Akaanza kufunga vitu vyake.

Siku zilizobaki alitaka kuaga sokoni. Vasta alimwona kwa mbali akamwonyesha kiganja, asikaribie. "Simama kule, mama. Weye iko nakwenda, siye iko nabaki. Bataona." Halafu, kwa sauti ya kuita wateja, kana kwamba anatangaza maharagwe: "Enda vizuri. Mutoto umubebe mbele, si nyuma." Abdunoor alikuwa ameinamia chumvi yake akichambua maharagwe yaliyoingia humo. Hakuinua kichwa. Adong alileta mayai yaliyochemshwa, akayaweka kizingitini, akasema ana nguo kwenye maji.

Opio alipewa ruhusa ya siku moja kuwasindikiza mpaka Kasese. Alikuwa amepanga maneno kizuizini, akayarudiarudia mbele ya barabara tupu: kwamba aliiona mikono yake, kwamba anajua, kwamba alikuwa na mdomo siku ile na hakuutumia, kwamba ataomba uhamisho hata kama ni kwenda kulinda mawe. Lakini lori la kahawa lilikuwa na nafasi moja mbele, akakaa mama na mtoto. Yeye alipanda juu ya magunia. Njia nzima alitazama paa la dereva, akijua chini yake wamo mke na mwanawe, na upepo ukimjaza vumbi mdomoni. Basi maneno yakabaki ya kusemwa stesheni.

Behewa la daraja la tatu lilikuwa limejaa kabla hata injini haijafungwa kwenye mabehewa. Kuku, masanduku, vikapu vya samaki, wanawake wa askari wanaorudi makwao. Opio alisukuma njia, akampatia mkewe nafasi dirishani karibu na mwanamke mnene aliyekumbatia mfuko wa chumvi. Huyo alikuwa Acan, anakwenda Gulu, na kabla hawajasalimiana alikuwa ameshawachambua wote wawili.

"Afande, huyu ni bibi yako?"

"Ni wangu."

"Unamlisha nini, changarawe? Macho yameingia ndani mpaka yanaonana. Dada, lete huyo askari mdogo. Lete, sili watoto wa watu."

Nabirye alisita. Mikono yake ilikuwa imezoea kukatazwa. Halafu akamtoa Owor. "Mshike shingo," akasema.

"Nimezaa saba, utanifundisha shingo?"

Acan alimtazama mtoto, akampa jina la utani la Kiacholi, akampitisha kwa msichana wa mbele, na msichana kwa mama mwingine upande wa pili, na behewa likaanza kubishana amefanana na nani. Opio alishuka, akazunguka nje hadi dirishani. Kufika kwake, Nabirye alikuwa ameegemea bega la Acan, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja umelala juu ya mfuko wa chumvi. Amelala. Hakulala usingizi wa kuibia. Alilala kama wanavyolala watu wa kwao, katikati ya makelele, hana habari na dunia.

Opio alisimama na maneno yake. Mchukuzi mmoja akapita akipiga kelele, sanduku kichwani.

"Taratibu," Opio alimwambia. "Kuna mtu amelala."

"Stesheni hii, afande?" mchukuzi akasema, na watu wa dirishani wakacheka.

"Nimwamshe muagane?" Acan aliuliza.

"Hapana. Mwache."

"Haya. Anashukia wapi, nisije nikampitisha? Mimi naendelea mpaka Gulu."

Tikiti ilikuwa ya Tororo. Opio alikiona kiwanja cha mama yake, kilichofagiwa, chenye nyumba moja na kizee mmoja asiyependa kelele, anayekula akiwa ameupa mlango mgongo. Akaiona na ile nyumba nyingine, ya Walukuba, iliyo njiani kabla ya kufika huko, na akajua mtu akishalala vizuri mle, akaamka amezungukwa na watu wake, haoni sababu ya kuukumbuka mlango wa bati chini ya mlima. Alijua hivyo. Alikuwa amewahi kuwa mpangaji mle.

"Jinja," akasema.

"Jinja. Tikiti inasemaje?"

"Tikiti ni ya mbali zaidi, hakuna atakayemsumbua. Mwamshe Jinja, aende Walukuba kwa mama yake. Mwambie nimesema mimi."

"Na akiuliza umesema nini kingine?"

Injini ililia. Mahali fulani ndani ya behewa Owor alitoa sauti moja, na mtu akampokea kutoka kwa mtu. Opio alitaka kuanza, lakini maneno yalikuwa mengi, na Acan alikuwa mgeni, na bega lile lisingeweza kutikiswa.

"Mwambie nilikuwa hapa dirishani," akasema.

"Nitamwambia."

Treni iliondoka polepole. Opio aliifuata hatua chache akitazama kile kichwa kilichoegemea bega, mpaka madirisha yakachanganyika.

Lori la kahawa lilikuwa likimngoja, sasa tupu. Safari hii nafasi ya mbele ilikuwa yake. Dereva alikuwa mtu wa maneno, na njia ya Bwera ni ndefu. Akaanza habari ya mke wa mtu fulani wa Kyarumba, akaivuta, akaizungusha, akasimama mahali pa kucheka ili wacheke wote wawili.

"Lala tu, afande, ukitaka," akasema alipoona Opio hacheki. "Una zamu jioni. Mimi nitakuamsha."

"Ongea," Opio alisema. "Endelea kuongea."